Land Cruiser 80, Patrol Y60 au Chaser ya turbo: lipi la kuweka Mwanza mpaka lipande bei

Magari mengi ya miaka ya 1990 yanayouzwa Mwanza yameshamaliza kushuka bei. Mengi yatatumika mpaka yachoke, kisha yauzwe vipande. Machache yameanza kupanda, na hayo ndiyo tunayoyapima hapa: lipi la kununua, likaguliwe wapi, na lipi la kuacha hata dalali akiapa kwamba "gari imenyooka".

Msimamo wetu ni huu: gari la kuweka, nunua bodi na karatasi kwanza, injini baadaye. Injini ya dizeli ya Toyota inafunguliwa na kufungwa upya kwenye gereji za Nyakato, na spea zipo. Bodi iliyooza ikazibwa puti, siti za kiwandani zilizong'olewa, au namba ya chasisi inayopishana na kadi ni mambo yasiyorudi kwa hela ya kawaida. Mnunuzi wa kesho atakayelipa bei ya juu atalipia hayo hayo.

Bei inavutwa na uchache. Marekani inaruhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 25 bila kulidai vigezo vyake vya usalama, kwa hiyo kila mwaka magari mazuri ya Kijapani ya miaka ya 1990 yanaondoka Japani kwenda huko. Kwetu, TRA inatoza ushuru wa uchakavu kwa gari dogo lililozidi miaka minane tangu litengenezwe, na unazidi kupanda likivuka miaka kumi. Kuagiza Chaser ya 1997 leo ni kulipa kodi nzito juu ya bei ambayo nayo imepanda. Hivyo yanayogombewa ni yale yaliyokwisha kuingia nchini na kadi zake safi. Namba A, yaani usajili wa zamani wenye herufi zinazoanza na A, ambayo kwa gari la kawaida inamshushia muuzaji bei, kwa gari la aina hii si kasoro hata kidogo.

Kabla ya kufungua boneti, uliza gari limeishi wapi. Ziwa Victoria ni maji baridi, hewa yake haina chumvi, kwa hiyo gari lililokaa Mwanza, Shinyanga au Tabora miaka yote huwa na chasisi nzuri kuliko lililokaa Dar au Tanga. Lakini kuna mtego wa hapa hapa ziwani: gari lililobeba samaki. Maji ya barafu na chumvi ya kayabo huingia chini ya kapeti, yakatulia kwenye mikunjo ya sakafu na kuila kutoka ndani. Inua kapeti la nyuma mpaka uone bati, ingiza vidole chini ya mipira ya milango, kisha nusa. Harufu ya samaki haifi kwa kuoshwa, na ilipo harufu, kutu haiko mbali. Mtego wa pili ni gari lililokuwa likishusha na kuvuta boti ufukweni. Ekseli ya moto ikizama majini inavuta maji kupitia kipumulio chake. Legeza boliti ya kujazia oili ya difu, chovya kidole: oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, beringi na gia za difu zimeshaanza kulika.

Tunaloliweka mbele ya yote ni Toyota Land Cruiser 80. Lilitoka 1990, na 1998 nafasi yake ikachukuliwa na la 100. Lina ekseli nzima mbele na nyuma, lakini limekaa kwenye springi za koili, ndiyo maana linavumilia barabara mbovu na bado linakalika safari ya Mwanza mpaka Dar. Usisome stika ya nyuma; VX, jina la toleo la juu, inabandikwa na yeyote. Soma bati la utambulisho kwenye chumba cha injini. HZJ maana yake lilizaliwa na 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. HDJ lilizaliwa na 1HD ya turbo. FZJ ni petroli ya lita 4.5. Bati likisema HZJ na ndani ukakuta turbo ya 1HD, injini imebadilishwa. Linaweza kuwa gari zuri la kutembelea, lakini bei ya gari halisi huipati tena.

Kwa Mwanza tunachagua HDJ yenye 1HD-FT, ile ya valvu 24 iliyoanza 1995, ikiwa na gia za mkono na loki za difu za kiwandani, zile zinazofanya magurudumu ya ekseli moja yazunguke pamoja. Loki halisi zina kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi na mota ndogo ya umeme kwenye kila ekseli. Kitufe bila mota ni pambo. HDJ ya kabla ya hapo, 1HD-T, ina ugonjwa unaojulikana duniani kote: beringi za koneti rodi, zile za chini, hulika mapema. Dalili ya kugonga ikisikika umeshachelewa, kranki imekwisha guswa. Dawa ni kubadilisha zote kabla. Fundi anamwaga oili, anashusha sampu (karai la oili chini ya injini) injini ikiwa ndani ya gari, anafungua kifuniko kimoja kimoja, anaweka vipande 12 vipya (viwili kwa kila silinda) na boliti mpya, akifunga kwa kipimo cha kitabu. Muuzaji akikuonyesha beringi za zamani na risiti, huyo anajua alichonacho, mwongeze bei. Asipokuwa na ushahidi, hesabu kwamba kazi hiyo ni yako na uikate kwenye bei.

1HZ haina ugonjwa huo na ndiyo rahisi zaidi kutunza. Tatizo lake hapa ni mwinuko: Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo inapoteza takribani sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake katika mwinuko huo. Wenye magari wanakerwa na uzito wake mlimani, wanafungia turbo ya nje na kuongeza dizeli kwenye pampu. 1HZ haikutengenezwa kwa hilo. Joto likizidi, hedi inapasuka karibu na valvu, na pistoni zinafuata. Ukiona turbo kwenye 1HZ, acha, au nunua kwa bei ya gari la kufungua injini. Mkanda wa taimingi wa injini hizi zote za dizeli ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kwa gari lisilo na kumbukumbu uubadilishe wiki ile ile uliyonunua.

Ukaguzi wa ekseli ya mbele hauhitaji vifaa. Pangusa kwa kidole lile bonge la chuma lililo mviringo nyuma ya gurudumu. Grisi nyeusi kidogo ni kawaida. Ukikuta oili nyepesi inatiririka, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inaosha grisi kwenye jointi. Kisha kata usukani mpaka mwisho, tembea polepole, kulia na kushoto: mlio wa tak-tak-tak ni jointi iliyokwisha. Hayo yote yanatengenezeka, ni ya kujadiliana bei tu. Yasiyo na mjadala ni kutu kwenye fremu ya kioo cha mbele, kwenye mifereji ya paa na pembe za chini za mlango wa nyuma. Vuta taratibu mpira wa kioo cha mbele. Rangi iliyofura chini yake inaficha tundu.

Kuhusu rangi: bati lile lile lina namba ya rangi ya kiwandani. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Gari jekundu lenye 040 limepulizwa, na kazi yako ni kujua kwa nini. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa chini ya milango na juu ya matao ya magurudumu. Inaposhindwa kushika, hapo ni puti. Angalia pia alama ndogo za mviringo za uchomeleaji wa kiwandani kwenye kingo chini ya boneti. Zikiwa laini kabisa, bodi imeshakatwa na kuunganishwa.

Injini ijaribiwe ikiwa baridi, kwa hiyo mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, na ushike boneti ukiingia. Fungua kifuniko cha rejeta, washa: mapovu yasiyokoma ni gasketi ya hedi. Maji mekundu ya kutu maana yake limetiwa maji ya bomba miaka mingi badala ya kulanti, na rejeta imeziba nusu. Kisha panda nalo kilima cha Bugando au Isamilo kwa gia nzito, watu wanne ndani, jicho kwenye mshale wa joto. Ukisogea juu ya katikati, rudi na uanze kujadiliana upya. FZJ ya petroli ikaguliwe zaidi mpira wa hita uliofichika chini ya manifodi. Mafundi huuruka kwa kuwa haufikiki kirahisi, unapasuka, maji yanaisha, hedi inajikunja.

Yale yaliyokatwa paa kwa ajili ya watalii wa Serengeti ni vifaa vya kazi. Yana bei yao, lakini bei hiyo inafuata biashara ya utalii, haifuati uhalisi.

Kwa mfuko mdogo, chaguo letu ni Nissan Patrol Y60 ya 1987 hadi 1997 yenye TD42. Hii bado inadharauliwa hapa kwa sababu si Toyota, na dharau hiyo ndiyo nafasi ya mnunuzi. TD42 ni lita 4.2, silinda sita, na taimingi yake inaendeshwa na gia, haina mkanda wa kukatika. Kasoro yake maarufu ni usukani kutetemeka kwa nguvu ukigonga shimo kwenye mwendo wa kati. Madalali husema ni balansi ya tairi. Mara nyingi ni beringi za pini za juu na chini kwenye ekseli ya mbele, pamoja na bushi za ile nondo inayoshikilia ekseli kwa upande. Ukweli wa kuumiza ni spea za bodi: taa, grili na mipira ya milango ni shida kupata. Chukua iliyokamilika vyote hata kama injini inavuja oili. Yenye RD28, ile ya lita 2.8, iache.

Land Rover Defender yenye 300Tdi (1994 hadi 1998 hivi) ina sababu nzuri ya kupanda: uzalishaji wa umbo lile ulikoma Januari 2016. Huku Kanda ya Ziwa nyingi zimepita kwenye misheni na miradi, na hiyo ni sifa, kwa sababu ziliendeshwa na madereva wachache. Bodi ni alumini, chasisi ni chuma, na vinapogusana alumini inageuka unga mweupe. Gonga kwa nyundo ndogo bomba la nyuma kabisa la chasisi na mikono yake ya pembeni: sauti kavu ni chuma, sauti ya bubu ni kutu. 300Tdi za mwanzo zilikuwa na mkanda wa taimingi unaotembea upande na kujila. Fungua tundu dogo chini ya kifuniko cha taimingi. Vikitoka vumbi na nyuzi za mpira, usiwashe tena kabla ya kubadilisha.

Kwa wapenda mwendo, ni Toyota Mark II, Chaser na Cresta za 1996 hadi 2001. Hapa uwe mkali. Zilizojaa mjini ni GX100 zenye 1G-FE ya lita 2.0 na gia otomatiki, nyingi zimepita kwenye teksi. Ni magari mazuri ya kutumia, hayatapanda. Linalopanda ni JZX100 Tourer V lenye 1JZ-GTE, hasa la gia za mkono la kiwandani. Kwa kuwa tofauti ya bei ni kubwa, GX100 huvalishwa bampa na taa za Tourer V, na otomatiki hugeuzwa kuwa ya mkono. Bati lazima liseme JZX100. Lala chini uangalie tundu la gia kwenye sakafu. Lililokatwa kwa mkono lina kingo za ovyo. Kwenye injini angalia puli ya kranki: mpira ulio kati ya pete zake mbili hukauka, na puli inayumba. Chomoa koili moja. Oili kwenye shimo la plagi inatoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, kazi ndogo, lakini ikiachwa inaua koili.

Mercedes-Benz W124 ya dizeli ni gari la kuweka kwa mwenye fundi anayeijua. Za petroli za 1993 hadi 1995 zina nyaya za injini ambazo ganda lake linabomoka lenyewe, na seti mpya ni ghali. Subaru Forester za kawaida ni nyingi mno kuwa na thamani ya uchache.

Sasa karatasi. Linganisha kadi na namba iliyogongwa kwenye chuma cha chasisi chenyewe. Kwenye Land Cruiser 80 iko reli ya kulia, mbele, karibu na gurudumu. Namba ya injini ikipishana na kadi, muuzaji aende TRA airekebishe kwanza. Kwa gari la misheni, shirika au mradi, uliza kama liliingia kwa msamaha wa kodi. Msamaha ni wa taasisi, haumfuati mnunuzi, na likihamishwa kwa mtu binafsi kodi inadaiwa. Angalia pia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari. Kisha mkataba uandikwe na mwanasheria ukitaja hayo yote kwa namba, na hela ilipwe benki kwa jina lililo kwenye kadi, wala si kwa dalali.