Mifuko mitatu ya chakula kikavu cha mbwa: nilivyoipima kwa lebo, mzani na chupa ya maji

Nimenunua mifuko mitatu ya kilo 15 kwenye maduka ya mifugo hapa Dar es Salaam. Wa bei ya chini ulikuwa shilingi 75,000, wa kati 96,000, na wa juu 165,000, huo wa juu ukiwa na maandishi makubwa mbele kwamba hauna nafaka. Majina siyataji, maana mchanganyiko hubadilika na mfuko wa mwezi ujao unaweza usiwe kama wa leo. Mbwa wanaokula ni wa ulinzi, wa kilo 25 hivi, wazima na hawajahasiwa. Nitakaoendelea kununua ni ule wa kati. Ule wa chini hauokoi pesa kama bei yake inavyoonyesha, na ule wa juu sehemu kubwa ya bei yake sikuiona ndani ya mfuko.

Kitu cha kwanza kutafuta ni nishati, na lebo nyingi zinazofika kwetu haziiandiki. Unaipata mwenyewe. Chukua asilimia za protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu (yaani madini) na unyevu zilizo kwenye lebo, jumlisha, toa kwenye 100. Kinachobaki ni wanga. Kisha zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5 na wanga kwa 3.5, ujumlishe majibu matatu. Hizo ndizo kilokalori za gramu 100. Kama majivu hayakuandikwa, weka 8. Jibu ni la kukadiria, kwa sababu lebo hutaja kiwango cha chini cha protini na mafuta na kiwango cha juu cha unyevu, lakini linatosha kulinganisha mfuko na mfuko.

Mfuko wa bei ya chini ulikuwa na protini 18, mafuta 6, nyuzinyuzi 5, majivu 10, unyevu 12. Wanga unabaki 49, na nishati inatoka kama kilokalori 2,855 kwa kilo. Wa kati ulikuwa na protini 26, mafuta 15, nyuzinyuzi 3, majivu 7, unyevu 9. Wanga 40, nishati 3,585. Wa juu: protini 30, mafuta 16, nyuzinyuzi 4, majivu 8, unyevu 9, wanga 33, nishati 3,565. Yaani mfuko wa 165,000 hauna nishati zaidi ya ule wa 96,000.

Angalizo kwa mifuko inayotoka Afrika Kusini, ambayo ni mingi madukani: kule huandika gramu kwa kilo, siyo asilimia. Protini 180 g/kg ni asilimia 18, basi. Watu huiweka kando ya mfuko wa Ulaya ulioandikwa 26 wakadhani wamepata utajiri. Mifuko hiyo pia huwa na namba ya usajili inayoanza na herufi V, ikitaja Sheria ya 36 ya mwaka 1947. Kama mfuko unadai kutoka huko na namba hiyo haipo, uulize umepitia wapi.

Sasa mahitaji ya mbwa. Kwenye kikokotoo cha simu, zidisha uzito wake kwa uzito huohuo, kisha kwa uzito huohuo tena: 25 × 25 × 25 ni 15,625. Tafuta kipeuo cha pili, unapata 125. Kitafute tena, unapata 11.18. Zidisha kwa 70, ni kilokalori 783, nishati ya mwili uliotulia. Kwa mbwa mzima asiyehasiwa zidisha kwa 1.8, kwa aliyehasiwa 1.6. Hapa inakuja kama 1,400 kwa siku.

Kwa mfuko wa bei ya chini, hiyo ni gramu 490 kwa siku. Kilo moja ni shilingi 5,000, kwa hiyo mbwa mmoja anakula 2,450. Kwa mfuko wa kati ni gramu 390. Kilo ni 6,400, siku inagharimu kama 2,500. Tofauti ni shilingi hamsini! Mfuko wa chini unaisha siku ya 30, wa kati unafika siku ya 38. Mfuko wa juu unagharimu zaidi kidogo ya 4,300 kwa siku. Dukani utaonyeshwa tofauti ya 21,000 kati ya mfuko wa kwanza na wa pili, na ni kweli ipo, ila inarudi kwenye bakuli.

Hesabu hii inaharibika ukipima kwa kikombe. Kikombe changu cha robo lita kinabeba gramu 88 za punje za bei ya chini, kwa sababu zimejaa hewa, na gramu 104 za mfuko wa kati. Ukihamia chakula kizito ukabaki na vikombe vilevile, mbwa atanenepa, nawe utasema chakula kinaisha haraka. Mzani wa jikoni unamaliza tatizo hilo. Ukishajua kikombe chako kina gramu ngapi, kiwekee alama ya kalamu.

Tuje kwenye viambato, ndiko kunakofichwa mengi. Vinaandikwa kuanzia kizito zaidi, lakini uzito huo ni wa kabla ya kupikwa, pamoja na maji yake. Nyama mbichi ya kuku ni maji kwa kama asilimia 70. Mfuko ukisema kuku mbichi asilimia 20, kwenye kilo mia za mchanganyiko kuna kilo sita tu za kuku mkavu. Unga wa kuku umeshakaushwa, una unyevu wa kama asilimia 10, kwa hiyo asilimia 20 yake ni kilo 18. Ndiyo maana mimi "unga wa kuku" nikiuona mwanzoni nafurahi kuliko "kuku mbichi" anayefuatwa na nafaka tatu. Neno ninalolikwepa ni lile lisilotaja mnyama: "mazao ya nyama", "unga wa nyama na mifupa". Linampa mtengenezaji ruhusa ya kubadili mnyama kila shehena, na mbwa mwenye mzio hutajua kilichomdhuru.

Ujanja mwingine ni kugawa kiambato kimoja vipande. Mfuko wa bei ya chini umeandika: mazao ya nyama, mahindi, pumba za mahindi, pumba za ngano, mashudu ya soya. Ukijumlisha mahindi na pumba zake, ndiyo yanayoongoza. Kwenye mfuko wa juu nimekuta mchezo uleule, safari hii kwa njegere: njegere nzima, wanga wa njegere, protini ya njegere, kisha adesi. Zikiwekwa pamoja zinashindana na kuku aliyechorwa mbele.

Tafuta pia chumvi ilipo kwenye orodha. Kwa kawaida chumvi haizidi asilimia moja, kwa hiyo chochote kilichoandikwa baada yake ni kidogo kuliko hapo. Mfuko wa juu una picha ya matunda, spinachi na karoti. Zote zimeandikwa baada ya chumvi. Rangi nyekundu na kijani kwenye punje za bei ya chini nazo ni kwa ajili ya mnunuzi, maana mbwa haitofautishi nyekundu na kijani.

Mahindi yenyewe siyapigi vita. Yakisagwa na kupikwa kwa mvuke na shinikizo kama mashine za kutengeneza punje zinavyofanya, mbwa anayameng'enya vizuri. Lililo na shida ni pumba nyingi, na zaidi ya hapo ni mahindi yaliyovunda. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ni ileile inayoingia kwenye chakula cha mbwa, na moto wa kiwandani hauimalizi. Marekani, kiwango cha kuchukuliwa hatua kwa chakula cha mbwa ni mikrogramu 20 kwa kilo, na bado mwishoni mwa 2020 kilipatikana chakula kilichozidi hapo na mbwa wengi wakafa. Kwa macho huioni wala kuinusa. Unachoweza kukiona ni mbwa: amekataa chakula, anatapika, fizi na weupe wa macho vinageuka manjano, kinyesi cheusi. Hapo ondoa chakula saa hiyohiyo na umpeleke kwa daktari wa mifugo ukiwa na mfuko.

Protini ya kwenye lebo nayo huitwa ghafi kwa sababu maabara hupima naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25. Kipimo hakijui kama naitrojeni imetoka kwenye nyama, manyoya au kwato. Mwaka 2007, gluteni ya ngano kutoka China ilichanganywa na melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, ili kipimo hicho kisome juu, na mbwa na paka wa Marekani na Kanada wakafa kwa figo kushindwa. Kwa hiyo protini ghafi isome pamoja na majina ya viambato, na pamoja na kinyesi. Kwa mfuko wa bei ya chini kinyesi kilikuwa kingi, laini, mara tatu hadi nne kwa siku. Kwa mfuko wa kati kilishuka hadi mara mbili, kigumu kiasi cha kuokotwa. Kikigeuka cheupe na kuvunjika kama chaki, kuna mifupa au chokaa nyingi.

Majivu ndiyo namba ninayoiangalia kuliko watu wengi. Majivu asilimia 10 ni madini, na madini hayo yanaweza kuwa ya mifupa, chokaa au mchanga mtupu, hasa kwenye chakula chenye dagaa walioanikwa chini badala ya kwenye vichanja. Kuna jaribio la nyumbani. Twanga gramu 50 za punje, tia kwenye chupa pana ya kioo pamoja na maji ya moto, koroga, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga uji wa juu taratibu, ongeza maji, zungusha, mwaga tena, mara tano au sita, kama unavyohamisha mchele wenye changarawe bakuli kwa bakuli. Kinachobaki chini kiweke kwenye kisahani cheupe. Kwenye mfuko wa bei ya chini nilipata nusu kijiko cha chai: vipande vya mfupa vya rangi ya maziwa, na chembe za kijivu zilizokwaruza kisahani nilipozisugua kwa kidole. Weka matone ya siki: chokaa inatoa povu, mchanga unakaa kimya. Zile za kijivu zilikaa kimya. Mfuko wa kati uliacha vumbi jeupe tu la mifupa, na wa juu karibu hivyohivyo.

Kuhusu kutokuwa na nafaka, sioni sababu ya kulipia. Julai 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilianza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata moyo kutanuka, na zaidi ya tisa ya kumi ya vyakula vilivyotajwa havikuwa na nafaka, vingi vikiwa na njegere au adesi. Hadi Desemba 2022 ilisema takwimu hazitoshi kuthibitisha kwamba chakula ndicho chanzo. Kwa hiyo sisemi kwamba mfuko huo ni sumu. Nasema mbwa asiye na mzio wa nafaka hapati chochote cha ziada kwa shilingi 1,800 zaidi kila siku, na protini ya asilimia 30 ya mfuko huo kwa sehemu ni ya njegere.

Kwa watoto wa mbwa usitumie chochote kati ya hivi kabla ya kusoma mstari wa umri. Mbwa mzima anahitaji protini isiyopungua asilimia 18 baada ya kutoa unyevu, mtoto 22.5. Mfuko wa bei ya chini ukitoa unyevu una 20.5: mzima anapita, mtoto hapiti. Kwa watoto wa mbwa wa aina kubwa kalsiamu isizidi asilimia 1.8, kwa sababu ikizidi mifupa inakua vibaya. Lebo inayotaja kiwango cha chini cha kalsiamu peke yake haikusaidii hapo.

Uhifadhi unaweza kuharibu hata mfuko mzuri, hasa kwa joto na unyevu wa pwani. Chakula cha kupimiwa kutoka gunia lililo wazi sikinunui: mafuta yake yameshapigwa na hewa kwa siku zisizojulikana, na namba ya shehena huipati. Nusa kabla ya kulipa. Kikinuka kama mafuta ya alizeti yaliyokaa kwenye dumu, kiache. Mfuko uliohifadhiwa kwa vitamini E hudumu muda mfupi kuliko wenye vihifadhi vya kemikali vya BHA au BHT, kwa hiyo angalia tarehe ya kutengenezwa, si ya mwisho peke yake. Ukishafunguliwa uishe ndani ya wiki nne hadi sita. Kwa mbwa mmoja mdogo nunua kilo tatu hata kama kwa kilo ni ghali kidogo. Usimwage punje kwenye ndoo. Ingiza mfuko mzima ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwa sababu mafuta ya zamani yaliyoganda kwenye plastiki huharibu chakula kipya, na pia unabaki na lebo.

Ukihama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, tumia siku 7 hadi 10: robo mpya kwa siku mbili au tatu, nusu, robo tatu, kisha chote. Ukiongeza ugali na dagaa, usizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, yaani kilokalori 140 kwa mbwa huyu, la sivyo unapunguza vitamini na madini uliyoyalipia. Na kabla ya kutupa mfuko mtupu, piga picha namba ya shehena na tarehe. Ukirudi dukani kulalamika bila hivyo viwili, muuzaji hana la kukusaidia.