Kengele za mkono: ujifunzie melini au ukumbi wa kanisa?

Marekani hizi kengele za mkono (kundi linapiga wimbo pamoja, kila kengele inatoa noti moja, yani sauti moja tu) wanazipenda kweli, makanisa kibao yana seti zao, na siku hizi warsha za kujifunza kuzipiga zinafanyika mpaka kwenye meli za kitalii, mfano zile za Seattle kwenda Alaska.

Melini raha yake si ya kuuliza, mkiwa baharini mnapiga mazoezi, mkitia nanga Juneau, mji wa huko Alaska, mnashuka kuzurura, msosi juu yao. Ila sasa kumbuka kwa kawaida kila mtu ana kengele zake chache tu, mara nyingi mbili, yani noti zako hakuna mwingine anazo, so jirani akishikwa na kichefuchefu akakimbilia chooni wimbo unabaki na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Afu uzito! Seti ya oktava tatu (oktava ni ngazi nzima ya noti, toka do mpaka do ya juu) ni kengele 37, oktava tano ni 61, bado meza na sponji za kuzilazia, kuzipandisha zote hizo melini si mchezo.

Ukumbini hakuna nyangumi wa kuangalia, ni viti vya plastiki na chai, lakini gharama ndogo, sakafu imetulia, na kondakta (sio wa daladala jamani, huyu ndiye anayewaongoza wapigaji) anakurudia mpaka kiwiko kielewe. Glavu zinavaliwa kotekote, jasho linatia madoa kwenye shaba.

Mi kama hujawahi kushika kengele ningekwambia anza ukumbini, hiyo meli weka akiba kwanza, nauli yake inauma, na hapo bado hujanunua koti la baridi.