Doa la mafuta kitabuni: poda au pasi?

Kitabu kikidondokewa na mafuta ya sambusa, usisugue. Kusugua huyasukuma mafuta ndani zaidi ya nyuzi za karatasi. Bonyeza taratibu kwa tishu, kisha chagua njia.

Mimi huanza na poda. Weka karatasi safi chini ya ukurasa, nyunyizia doa wanga wa mahindi au poda ya talki, funika kwa karatasi nyingine, weka kitu kizito juu na uache usiku kucha. Asubuhi pangusa kwa brashi laini. Doa likibaki, rudia kwa poda mpya. Inahitaji subira, lakini karatasi haiumii. Doa bichi hutoka vizuri. La miaka mingi, lililokwisha kugeuka manjano, hupungua tu.

Pasi ina kasi. Ukurasa unakaa katikati ya tishu za jikoni, unapitisha pasi ya moto mdogo, bila mvuke, kwa sekunde chache, ukibadilisha tishu kila mara. Kwa nta ya mshumaa hii ndiyo njia yenyewe: kwangua iliyoganda, inayobaki itayeyuka na kunywewa na tishu. Kwa mafuta ya kupikia siipendi, maana joto huyafanya yatambae na doa likapanuka. Kurasa zinazong'aa zisiguswe kabisa, zinaweza kunatana. Pasi ya mkaa nayo haifai, joto lake halipimiki na cheche moja inatosha kuunguza.

Msahafu wa babu ulioandikwa kwa mkono? Hapo poda na pasi viweke kando, umpelekee mhifadhi wa nyaraka.