Acas, simu ya haki za wafanyakazi Uingereza: nawapa nyota nne

Hii naiandika kwa ajili ya wabeba boksi wenzangu huku Uingereza, hasa nyie mnaofanya kwa ejensi, zile kampuni zinazotupeleka kwenye viwanda vya watu, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza ile namba uliyopiga ni ya nani na kweli wanasaidia? Ni Acas, taasisi ya umma ya kusuluhisha mwajiri na mfanyakazi, na ndio, wanasaidia, ushauri haulipii na mimi hawakuniuliza hata natoka nchi gani.

Mwaka 2018 nilikuwa kwenye kiwanda cha kufunga mboga nje kidogo ya Boston, Boston ya Lincolnshire, ule mji ambao kwenye kura ya 2016 ya kutoka EU, Umoja wa Ulaya, watu zaidi ya 75 kati ya 100 waliopiga kura walisema basi. Unaingia kumi na mbili asubuhi, ndani baridi kama friji, unavaa glovu mbili na vidole bado vinakufa ganzi, brokoli zinapita mbele yako kwenye mkanda mpaka ukilala usiku unaziona. Kushoto kwangu alikuwa mama mmoja wa Kipolandi, kulia mzee Mwingereza mwenyeji wa hapohapo, na yeye wa ejensi kama sisi tu. Na kila saa ya chai wimbo wake ni ule ule, mishahara imekufa tangu Brussels, makao ya EU, iwafungulie mlango Wapolandi. Anaongea yule mama akiwa amekaa pembeni yake, wala hamchukii, wanagawana biskuti kabisa, ila ndo anavyoamini.

Sasa sikia. Laini ya pili walikuwa watu wa kudumu wa kiwanda, kazi ile ile, brokoli zile zile, wao wanachukua paundi 9.10 kwa saa na sisi 7.83, yaani kima cha chini cha mwaka ule, senti moja zaidi hakuna. Nilikuwa na miezi saba pale na nilishasikia kwamba mtu wa ejensi akimaliza wiki 12 anatakiwa alipwe sawa na wa kudumu. Nikapiga Acas. Dada aliyepokea akaniambia tulia, chukua mkataba wako, nisomee ukurasa unaoongelea malipo. Nikamsomea polepole na Kiingereza changu cha kuunga unga, akanisimamisha kwenye mstari mmoja akasema hapo, rudia. Ulikuwa unasema ejensi itanilipa kidogo hata siku wakikosa kazi ya kunipa, na kwa kukubali hivyo nimeachia haki ya kulipwa sawa. Nilishasaini siku ya kwanza, karatasi kumi na moja, dakika tano.

Baada ya ile simu nilikaa kusoma na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Sheria ya Ulaya ya 2008 kuhusu watu wa ejensi inasema walipwe sawa tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza! Ikaacha upenyo, ndio ule mstari wa mkataba wangu, ulioombwa na Sweden, na kila nchi ikaamua yenyewe itumie au isitumie. Serikali ya London ndo ikachagua kusubiri wiki 12, na London ndo ikachukua na ule upenyo juu yake, ikaja kuufunga Aprili 2020. Kwahiyo ile paundi na ushee niliyokuwa napunjwa kila saa haikuamuliwa Brussels, na yule mama wa Kipolandi alikuwa anapunjwa sawa na mimi na sawa na mzee wetu.

Hapo kwenye mshahara sikupata kitu, nisiwadanganye. Ila yule dada akaniuliza swali ambalo mi sikuwa nalo kichwani, likizo yako unalipwaje? Nikamwambia likizo gani. Kumbe hata mtu wa ejensi ana wiki 5.6 za likizo ya kulipwa kwa mwaka, na slipu zangu zote hazina kitu. Akanielekeza nifungue usuluhishi wa awali, unajaza fomu mtandaoni, bure, afu mtu wa Acas anaongea na ejensi kabla haijafika mahakama ya kazi. Wiki ya tatu ejensi ikalipa paundi 640 na kitu.

Niliporudi kazini nikawaambia wale wawili. Mzee akaja kesho yake na slipu za miaka miwili kwenye mfuko wa plastiki, zimekunjwa vizuri kwa miezi, akanipa bila kusema kitu. Tukajaza fomu mbili kwenye simu yangu pale kantini, yake na ya mama. Na hiyo haki ya likizo wanayoidai wote, kabla ya 1998 Uingereza haikuwa na sheria ya kumpa kila mfanyakazi likizo ya kulipwa, ilikuja kutokana na sheria ya Ulaya, na serikali ya London iliipinga hadi mahakamani ikashindwa 1996. Nilimwambia mzee hivyo. Akaniangalia sana.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu Acas hawana rungu. Hawamlazimishi mwajiri na sio wakili wako. Wakati ule wangu kima cha chini ulikuwa unapeleka kwa watu wa kodi, HMRC, leseni za ejensi za mashamba na viwanda vya chakula zilikuwa na chombo chake, GLAA, na mtu aliyechoka na shifti hawezi kujua aanzie wapi. Leseni zenyewe zilitungiwa sheria baada ya Wachina wasiopungua 21 kufa maji Morecambe Bay, pwani ya kaskazini magharibi ya England, Februari 2004 wakiokota kombe usiku, miezi mitatu kabla Poland haijaingia EU. Pale Ulaya unailaumu nini?

Na sasa Wapolandi wengi wameondoka, Brexit imepita, inbox yangu imejaa dada zetu wa Kenya na Zimbabwe waliokuja na viza za kutunza wazee, wanakatwa hela zisizoeleweka na wanaogopa kusema, maana mwajiri akipokonywa leseni ya kuleta wafanyakazi wa nje au akikufukuza una siku 60 upate mwingine au urudi. Dada zangu, pigeni tu. Ila msikae mkisubiri, muda wa kudai ni mfupi, mimi mwaka ule wa 2018 niliambiwa miezi mitatu kasoro siku moja tangu pale ulipokatwa. Piga picha kila slipu siku hiyo hiyo unayopewa, na mkataba ukurasa kwa ukurasa, uwe nao mkononi wakipokea simu.