Kitatange na tangi la lita 200: nyota tatu, ya nne nimeinyima

Mimi ni fundi friji hapa Mtwara mjini, karakana yangu iko upande wa soko la Chikongola. Tangi hili nimekaa nalo miezi kumi na moja, kwa hiyo siandiki kwa hasira za wiki ya kwanza. Nililiagiza kwenye duka moja Dar: kioo cha lita 200, taa, pampu mbili, kifaa cha kuengua povu, kipima chumvi, vipande vitano vya matumbawe hai na samaki mmoja, kitatange. Jumla 1,900,000, na nauli ya basi juu yangu.

Kioo kilitangulia. Nikakijaza maji ya Shangani, madumu kwa madumu, niliyochota siku za bamvua bahari imejaa, nikayaacha yazunguke wiki sita mpaka amonia na naitraiti, sumu zinazoua samaki, zikasoma sifuri. Ndipo samaki akapandishwa basi alfajiri, akashuka stendi jioni, ndani ya mfuko wa oksijeni kwenye boksi jeupe kama yale ya chanjo. Hata tone halikuvuja. Kwa kufungasha, hao jamaa nawapa heko.

Samaki mwenyewe ni yule mdogo anayeitwa kitaalamu Centropyge acanthops. Mwili buluu iliyokolea, kichwa na mgongo rangi ya embe bivu, na hakui zaidi ya sentimita 8 hivi. Makao yake ni pwani ya kuanzia Somalia mpaka Afrika Kusini, yaani ni mtu wa kwetu. Nimemlipia nauli arudi nyumbani. Muuzaji alitaka kunibebesha na mtoto wa Pomacanthus imperator, yule wa pete nyeupe. Nikakataa. Yule akikua anafika sentimita 40, lita 200 kwake ni ndoo ya kuogea.

Sasa kilichoninyang'anya usingizi. Nilipouliza kuhusu matumbawe, muuzaji alijibu bila kupepesa: “Fundi, huyu hagusi kabisa, weka bila wasiwasi.” Mwezi wa kwanza ikawa kweli. Alishinda akidonoa ukoga wa kijani kwenye mawe. Halafu asubuhi moja nimekaa na chai yangu ya rangi, nikamwona anasogea ubavu ubavu mpaka kwenye tumbawe ubongo, lile lenye nyama nene. Akasimama. Jicho likazunguka kama la mtu anayetaka kuvuka barabara. Kisha dap! Akadonoa ukingo wa nyama, nyama ikajikunja, yeye akazunguka nyuma ya jiwe na kurudi palepale. Baada ya wiki, chokaa nyeupe ya ndani ikaanza kuchungulia.

Mtu mchonganishi, bibi yangu alikuwa akimwita kitatange. Utotoni nilidhani ni tusi tu la bure.

Nilimpigia muuzaji, akasema samaki ana njaa. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Nilianza kumfungia kwenye kioo, mara tatu kwa siku, mwani ule mwembamba kama jani la saladi, ninaouokota kwenye mawe maji yakipwa, na kudonoa kukapungua. Hakukuisha. Matumbawe laini yenye ngozi ngumu hayagusi hata leo, hayo matatu yanachanua vizuri. Vitatange wadogo ndivyo walivyo: mmoja anakaa miaka bila kosa, mwenzake wa aina ileile anageuka. Muuzaji anayekuapia “kabisa” hajui au anataka hela yako.

Taa ni nzuri, sina neno. Joto ndilo ugomvi. Desemba maji yalifika nyuzi 31, na matumbawe hayo hayavumilii: yanatapika vile vijimwani vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yanapauka, kama yalivyopauka baharini kwetu mwaka 1998. Dukani hawakugusia hilo. Nilifunga feni ya friji bovu ipulize juu ya maji, zikashuka nyuzi 3. Ukifanya hivyo ongezea maji yasiyo na chumvi, maana kinachopaa ni maji, chumvi inabaki.

Kipima chumvi cha sindano ni takataka. Kiputo kimoja cha hewa kikinasa kwenye sindano kinaiinua, kinakudanganya kuwa uzito wa maji, ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi, ni 1.030 wakati ni 1.025. Nilikuwa karibu niyazimue bure.

Kuna mteja alinishauri niache kununua matumbawe, niende Msimbati nikavunje. Ile ni hifadhi ya bahari tangu 2000, mjomba, na pwani hii imeshachoma matumbawe ya kutosha kupata chokaa, baruti nayo imekula yake. Vipande vyangu vimekuzwa kwenye shamba la matumbawe na vilikuja na karatasi zake. Hilo ndilo lililonifanya niwape duka nyota ya tatu.

Tumbawe ubongo halikufa. Nilikata kikapu cha plastiki cha friza, nikaligubika, na nyama imeanza kufunika ile chokaa. Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango wa karakana vizuri, kitatange yuko pale anakigonga kikapu kwa mdomo, kona moja baada ya nyingine.