Kutoka podi hadi modi ya bomba: kifaa kizuri kwa asiyechoka kupima

Mtu aliyezoea podi (sigara ndogo ya kielektroniki) akifungua modi ya kimakanika, yaani mwili unaobeba betri ya sigara ya namna hiyo, hukuta ndani hamna kitu. Ni bomba la shaba au la chuma kisichoshika kutu, kitufe chini, hesi ya 510 juu ya kufungia atomaiza (kichwa chenye waya unaogeuza kimiminika kuwa mvuke), na nafasi ya betri. Hakuna sakiti wala kioo cha namba. Ndiyo maana halifi ovyo: likichafuka unalifungua, unalisafisha, maisha yanaendelea. Lakini podi ikipata shoti hujizima, ilhali bomba huendelea kumwaga umeme mpaka betri ichemke na kufoka gesi. Kazi ya sakiti unaifanya wewe, kila unapofunga koili mpya, yaani ule waya wa kwenye atomaiza.

Hesabu ni moja tu: volti ugawe kwa omu, unapata ampea. Betri ya 18650 (kipenyo milimita 18, urefu 65) ikijaa ina volti 4.2. Koili ya omu 0.3 itavuta ampea 14, ya 0.2 itavuta 21, ya 0.15 itavuta 28. Sasa linganisha na uwezo wa betri wa kutoa umeme mfululizo. Samsung 30Q ni ampea 15, Samsung 25R ni 20, na VTC5A, iliyokuwa ya Sony na sasa ya Murata, ni 25. Wengi huichukua 30Q kwa sababu ya mAh zake 3000 (kiasi cha umeme inachohifadhi), kumbe kwa omu 0.3 imebakiwa na ampea moja tu ya usalama. Kwa bomba, VTC5A ndiyo chaguo la busara. Ukikuta 18650 imeandikwa mAh 9900, huo ni uongo uliochapwa kwenye plastiki.

Ganda la betri lisiwe na hata mchubuko. Mwili wote wa betri ni hasi, mpaka kwenye ukingo unaozunguka kichwa cha chanya. Ganda likichanika ubavuni, hasi inagusa bomba bila kupitia kitufe na koili inawaka yenyewe mfukoni. Likichanika kwenye ukingo wa juu, au ile pete ya kuhami ikihama, hiyo ni shoti kamili. Kubadilisha ganda ni kazi ya dakika mbili, usiiahirishe.

Mabomba mengi ni ya muundo wa haibridi, yaani kichwa cha betri kinagusana moja kwa moja na pini ya atomaiza. Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Ishike atomaiza kwenye mwanga, uitazame kwa ubavu. Pini ya katikati ichomoze waziwazi nje ya hesi, walau milimita moja, na isisukumike ndani kwa kidole. Ikiwa imelingana na hesi, chanya na hasi zitakutana juu ya kichwa cha betri, na hapo hakuna koili ya kuupunguza umeme. Tangi nyingi zinazokuja na vifaa vya wanaoanza zina pini fupi, kwa hiyo usizifunge kabisa kwenye bomba la namna hii. Hakikisha pia bomba lina matundu ya kutolea gesi na pete ya kufunga kitufe. Lisilo navyo, liache dukani.

Koili ya kuanzia iwe nyepesi. Chukua waya wa Kanthal A1 wa milimita 0.51 (geji 24), uuzungushe mara saba kwenye kijiti cha milimita 3. Tengeneza mbili zinazofanana. Zikikaa pamoja kwenye deki (jukwaa la koili ndani ya atomaiza) zitatoa takriban omu 0.3. Kaza skrubu, kata mikia ya waya hadi iishie kwenye nguzo, maana mkia ukigusa kifuniko ni shoti. Kisha pima kwa kipima omu kabla betri haijaingia. Usikisie! Mizunguko hiyohiyo kwa waya wa Ni80 (wa nikeli na kromu) hushuka hadi karibu omu 0.23, yaani ampea 18, na mtu anadhani hajabadilisha kitu.

Ziwashe kavu kwa vipindi vifupi, ikiwezekana juu ya modi yenye sakiti. Zianze kung'aa katikati, zote mbili kwa wakati mmoja. Mzunguko mmoja ukiwaka peke yake, acha kubonyeza, kwangua koili taratibu kwa kibano, jaribu tena. Kaza skrubu upya baada ya hapo: waya hulegea ukishapata moto, na omu zikianza kuruka-ruka chanzo huwa ni hicho.

Pamba ipite kwenye koili ikikwama kidogo tu, bila kuikunja. Kata ncha zake usawa wa ukingo wa deki, zichambue, kisha zilaze zifike chini kwenye kisima cha kimiminika bila kuziba matundu ya hewa. Ikibana sana, kimiminika hakipandi na utaonja moshi wa pamba iliyoungua. Ikilegea, itakurushia matone ya moto mdomoni.

Kimiminika nacho kinabadilika. Kile cha podi chenye miligramu 20 za nikotini usikidondoshee hapa. Mvuke ni mwingi mno na utaishia kichefuchefu na kizunguzungu. Shuka hadi miligramu 3 kwa mililita, chenye gliserini asilimia 70 hivi.

Ladha ni safi, hilo halina ubishi, ila nguvu hushuka pamoja na betri: koili ya 0.3 inaanza na wati 59, na ikifika volti 3.5 zimebaki 41. Badilisha betri hapo, usiikamue. Nguvu ikipungua mapema kuliko kawaida, futa hesi na vigusanishi kwa spiriti. Shaba huvaa weusi upesi. Kitufe kikipata joto, simama na utoe betri.

Mabomba ya betri mbili zilizopangana moja juu ya nyingine mgeni ayaepuke: ni volti 8.4, na ile koili ya 0.3 sasa inavuta ampea 28.

Kwa anayetoka kwenye podi, nunua kwanza atomaiza ya kudondoshea (isiyo na tangi) na modi ya boksi yenye sakiti. Utajifunza kufunga koili na pamba zilezile, mvuke uleule, na ukikosea boksi litakuandikia kosa kwenye kioo. Bomba linunue siku unapofunga koili tano mfululizo na kipima omu kikasoma ulichotarajia. Likiwa halitumiki, betri ikae nje, kwenye kasha lake la plastiki, mbali na funguo na sarafu.