"Nifanyeje" mbili: Malaika na Orfeo

Kwenye hoteli nyingi za ufukweni Dar es Salaam, Kunduchi hadi Mbezi Beach, bendi ya jioni haimalizi bila Malaika. Ngoma juu, meno nje kwa wageni, mwendo wa kuchezeka. Kijana asiye na mahari, anayemkosa ampendaye kwa sababu ya pesa, anageuzwa mpokea wageni.

Opera nayo ina jeraha hilohilo. Orfeo ed Euridice ya mtunzi Christoph Willibald Gluck ilionyeshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1762. Orfeo anamfuata mkewe kuzimu, anaruhusiwa kumtoa kwa sharti asimtazame njiani. Anageuka, mke anakufa mara ya pili. Wimbo anaoimba hapo unaanza "Che farò senza Euridice": nitafanyaje bila Euridice? Ni "nami nifanyeje" ya Malaika, neno kwa neno karibu.

Na nyimbo zote mbili ziko kwenye meja, ngazi ya muziki inayosikika ya furaha. Mwanakwaya aliyezoea kuomboleza kwa maina, ngazi ya huzuni, atadhani amekosea ukurasa. Gluck kaandika kwa C meja, sauti imenyooka, kiitikio kinarudi mara tatu. Mwenyewe alionya mwaka 1770 kwamba ukibadili kidogo tu namna ya kuuimba, unakuwa ngoma ya vikaragosi. Kordi za meja, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, hazina breki. Breki ni mwimbaji. Ndicho kinachoziua bendi za hoteli: zinafuata kordi, zinasahau maneno.

Tofauti kubwa iko katikati ya wimbo. Kati ya kiitikio na kiitikio, Gluck anapunguza mwendo, Orfeo anaita jina la mkewe, anangoja jibu, haliji. Ule ukimya ndio kilele chenyewe, na mwimbaji anayeuharakisha amepoteza wimbo mzima. Malaika haina ukimya wa namna hiyo, kwa sababu anayeimbiwa yu hai na anasikia. Uchungu wake uko kwenye "ningekuoa": ile -nge- pekee inabeba harusi isiyokuwapo. Bendi inayoimeza silabi hiyo ili kuwahi mdundo, bora ipige ala tupu.

Kwa Malaika, anza na rekodi ya Fadhili William ya miaka ya 1960, kisha ya Miriam Makeba. (Ubishi wa nani aliutunga tuuache, Dar na Nairobi hazitakubaliana leo.) Kwa Orfeo, mwimbaji Mwingereza Kathleen Ferrier aliuimba kwa Kiingereza kwa sauti ya kontralto, ile ya chini kabisa ya kike, nzito na bila madoido. Kuna pia toleo la Kifaransa la Paris, 1774, ambalo Gluck alilipanga upya kwa tenori, sauti ya juu ya kiume. Zuri, ila kwa masikio yetu kontralto inaomboleza zaidi. Ukipata rekodi ya opera nzima, usirukie wimbo. Rudi nyuma hadi pale Orfeo anapogundua alichokifanya, anapoimba kama anayeongea. Bila hapo, meja itakudanganya.

Spika ya simu haifai. Inameza besi, na besi ndiyo inayokuambia mwendo ni wa kutembea, si wa kucheza. Tumia hedifoni, usiku, feni ikiwa imezimwa kama joto linaruhusu. Ndani ya daladala ule ukimya utajazwa na konda. Bando si kisingizio: dakika nne kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 4, kwa 320 hazifiki MB 10.

Kwa uandishi wa huzuni, Malaika inashinda, tena kwa kordi tatu tu. Opera inateleza mwishoni: mara baada ya wimbo huo, Amore, mungu wa mapenzi, anatokea na kumfufua Euridice, watu wanacheza. Kwa yule kijana wa Malaika hatokei mtu na mahari.